Mzazi Aliyebadilika

Watu wa mashirika pale Tabora Marcelina aliwajua kwa kuwa karibu nao sana, na aliwadharau kutoka moyoni. Alikuwa amewaona wakijadili njaa huku sambusa imewajaa mdomoni. Alikuwa amewasikia wakitaja "jamii" kila wakivuta pumzi, na jamii yenyewe iko nje ya dirisha inauza karanga, wala hawaisalimii. Mtu anatoka Dar es Salaam na begi la kompyuta mgongoni, jani la tumbaku hajaliona maishani, na kesho yake asubuhi ni mtaalamu wa wakulima wa tumbaku wa Uyui nzima. Halafu zile fulana. Jamani, zile fulana. Kila shida ya nchi hii ina fulana yake: malaria ina fulana, utapiamlo una fulana, hata choo kina fulana. Pita Ipuli siku ya kufua, utadhani kila kamba ya nguo imezinduliwa na mgeni rasmi.

Aliwadharau hivyo, na papo hapo alitaka kuwa mmoja wao kuliko kitu kingine chochote. Shahada yake ya maendeleo ya jamii ilikuwa imelala chini ya godoro ndani ya mfuko wa nailoni, na serikalini hakuna aliyekuwa akimwita. Basi akawa anajitolea katika shirika moja liitwalo Daraja la Binti, lenye ofisi Gongoni juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kujitolea ni neno tamu walilolibuni wajanja, maana yake mtu afanye kazi na asiulize mshahara. Marcelina alichapa ripoti, akapanga viti, akachemsha chai, akawa mkalimani wa Kinyamwezi vijijini. Kila mwaka ukianza, mkurugenzi, ambaye wote walimwita Madam Julieth, alimwambia kwamba mradi ujao hautamwacha. Miradi ilikuja ikapita, na ajira zikaenda kwa mpwa wa huyu na shemeji wa yule.

Angekuwa peke yake angeshaachana nao. Lakini nyumbani Ipuli kulikuwa na baba yake.

Eustace Mahona alikuwa mrina asali na mwenyekiti wa jumuiya yao kanisani, mtu wa maneno machache. Zamani alikuwa na ng'ombe wa kutosha, na ng'ombe hao wote waliishia shuleni. Dume la kwanza aliliuza Marcelina alipoingia sekondari, na ndugu zake kule kwao Goweko wakamcheka wakisema mtoto wa kike huleta ng'ombe zizini, hawatoi. Yeye akaendelea kuuza. Binti alipomaliza chuo, zizi lilikuwa limebaki mahali pa kuanikia mahindi. Mzee hakuwahi kulalamika hata siku moja. Akiulizwa ng'ombe wako wako wapi, alimnyooshea kidole Marcelina na kusema, "Wale pale, wanasoma gazeti."

Aliyemchokoza zaidi kwa hilo alikuwa Majidi, fundi cherehani wa Gongoni, Mzaramo, na kwa hiyo mtani wake halali tangu enzi za misafara. Majidi alikuwa akifika pale hata hodi hapigi. "We Mnyamwezi, kazi yenu ni kubeba mizigo tu," atasema huku anajimiminia uji wa wenyewe. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, wakalipwa shanga, wakarudi wanachekelea. Na wewe umebeba zizi zima mpaka chuo kikuu, umelipwa karatasi." Baba naye atajibu, "Na babu zako wako wapi siku hizo? Wamekaa mlangoni pwani huko, wanasubiri sisi tuwaletee cha kula." Watacheka mpaka wakohoe.

Hakukuwa na jambo ambalo Majidi hakuweza kulitania. Siku ya kumzika mama yake Marcelina, alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akagoma kutoka. Alisema marehemu alikuwa anadaiwa na Wazaramo wote, na hapa hazikwi mtu. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, na baba, aliyekuwa hajatamka neno tangu mkewe akate roho, akacheka nao. Ndipo Marcelina alipojua kwamba baba yake atapona.

Sasa sikia mambo ya Madam Julieth. Huyu mama alikuwa amewaandikia wafadhili ng'ambo kwamba shirika lake limewaokoa mabinti wengi walioozwa wakiwa wadogo. Mabinti wa namna hiyo wapo, na mateso yao ni ya kweli kabisa. Ila Daraja la Binti lilikuwa halijamwokoa hata mmoja. Lilikuwa limewafanyia semina. Wafadhili wakamtuma mpiga picha aje awapige picha waliookolewa, na wa kupigwa hayupo.

"Marcelina, vua viatu," alisema Madam Julieth siku hiyo, wakiwa wamesimama kando ya bani la kukaushia tumbaku la mtu wasiyemjua. "Jifunge hii khanga. Kaa hapo chini, tazama kule mbali. Usicheke."

"Madam, mimi nina shahada."

"Picha haioni shahada. Kaa."

Akakaa. Unajua mtu aliyejitolea muda mrefu anafika mahali hajui tena kipi ni kazi na kipi si kazi. Ukimwambia panga viti anapanga, ukimwambia kaa chini uonekane maskini anakaa. Picha ikaenda ng'ambo. Chini yake Madam Julieth akaandika kisa cha binti aliyetolewa shule na baba yake mzazi, akauzwa kwa ng'ombe kwa mzee wa makamo, mpaka shirika lilipomnusuru na kumsomesha. Marcelina alikisoma kisa hicho, kwa sababu yeye ndiye aliyekichapa. Aliona aibu kidogo, akajiambia kwamba huko ng'ambo nani anamjua.

Wazungu wakalia, wakatoa. Mradi mkubwa ukaja, na ndani yake nafasi ya Afisa Mradi, yenye mshahara, bima na pikipiki. Ikatangazwa kama sheria inavyotaka. Vijana wakaja kutoka Mwanza, Kigoma na Dodoma, wamepiga pasi mpaka soksi, wakakaa kwenye ngazi juu ya duka la vipuri wakisubiri kuulizwa wanajiona wapi miaka ijayo. Walipewa soda na kuambiwa watapigiwa simu. Marcelina ndiye aliyewagawia soda, na alijua kabisa kuwa simu hiyo haipo.

"Nafasi ni yako," Madam Julieth alikuwa ameshamwambia. "Lakini mfadhili anakuja mwenyewe, na anataka kumwona binti wa kwenye picha. Atakuona, utatoa ushuhuda wako mbele ya wanakijiji, halafu nitamtangazia kwamba binti yuleyule leo ni mtumishi wetu. Unaona ilivyokaa?"

"Lakini baba yangu, Madam."

"Nani kamtaja baba yako? Huyo ni baba wa kwenye kisa."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Marcelina akajiambia. Alikuwa ameshainama sana. Akaona haitamdhuru kuinama tena mara moja. Mkutano ulipangwa kufanyika kijiji cha mbali, upande ambako hana ndugu wala jirani, na hilo lilimtuliza.

Asubuhi ya mkutano mvua ilikuwa imekata barabara ya kijiji hicho. Walikuwa tayari garini, wameshatoka mjini, ndipo Madam Julieth alipokata simu na kusema kwamba mkutano umehamishiwa Goweko.

"Goweko ni kwetu," alisema Marcelina.

"Afadhali. Watu wa kwenu watakupokea vizuri."

Hakusema zaidi, maana kiti cha mbele alikaa yule mgeni mfadhili na mkalimani wake alikuwa nyuma yake. Baba alikuwa ameondoka Ipuli siku chache kabla, ameenda Goweko kutazama mizinga yake porini. Marcelina akampigia kwa kificho, simu haikupatikana. Akamwomba Mungu amshikilie mzee huko huko porini mpaka jioni. Dua hiyo, kusema kweli, hata yeye aliyeiomba ilimchukiza.

Goweko watu walikuwa wamekusanywa uwanja wa shule. Madam Julieth akasimama na kuwasalimu, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, na jua limeshapita utosini. Wazee wakatazamana, wakaitikia hivyo hivyo kwa heshima. Akazungumza juu ya mila potofu kwa watu ambao tangu alfajiri walikuwa hawajatia kitu tumboni. Mgeni alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya kupandia milima na uso wa huruma. Ubaya wake ni kwamba alikuwa mtu mwema kwelikweli, na mtu mwema asiyejua kitu ni hatari kuliko mwizi. Kamera ikawekwa tayari, na Marcelina akaitwa.

Aliona baiskeli kwanza. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa darasa, na dumu la asali limefungwa nyuma. Kisha akamwona mwenyewe, amekaa kwenye benchi la wazee, kofia amepakata magotini, anatabasamu. Alikuwa amesikia kwamba binti yake anakuja kuhutubia mgeni, akatoka porini mbio bila hata kunawa moshi usoni.

Mtu mwenye moyo angeacha pale pale. Angesema nimeugua, angesema chochote. Marcelina alimtazama Madam Julieth, akaitazama kamera, akafikiria ngazi za juu ya duka la vipuri na mwaka mwingine wa kugawa soda, akafungua kinywa.

"Naitwa Marcelina," akasema. "Nilitolewa shule nikiwa mdogo. Baba yangu aliniuza kwa ng'ombe."

Minong'ono ikaanza nyuma kwa wanawake na kuja mbele. Shangazi yake Recheli, dada wa baba, akasema kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza, "Huyu si Marcelina wa Eustace? Kaolewa lini? Huyu si ndiye tuliyemchangia nauli ya chuo, nikauza kuku zangu?" Mwingine akauliza ng'ombe gani hao, mbona Eustace ana zizi tupu. Mgeni akamgeukia mkalimani, na Madam Julieth akadakia upesi kwamba wanakijiji wana uchungu. Mkalimani alikuwa kijana wa Dar es Salaam, hana ubaya na mtu. Akasema hapana, nadhani wanabisha. Mama yule mwembamba akakunja uso na kumtazama Marcelina vizuri kwa mara ya kwanza.

Marcelina akamtazama baba yake. Hakuna zaidi alichofanya, alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama utotoni alipovunja chungu cha watu.

Tabasamu la mzee lilikuwa limeshaondoka. Akaangalia gari, akaangalia kamera, akamwangalia yule mkurugenzi aliyetota jasho, na mtu asiyesema sana huelewa upesi. Akaweka kofia kwenye benchi na kusimama.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye baba yake, Eustace Mahona. Nilimwoza, na nilipokea ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wazuri. Kulikuwa na dume moja jeusi lenye baka jeupe shingoni. Nilikosea, naomba radhi."

Dume hilo Marcelina alilijua. Ndilo lililouzwa alipoingia sekondari.

Hakuna aliyebisha tena. Nani atabisha na mtu anayejichafua mwenyewe mbele ya ukoo wake? Shangazi Recheli alijitanda khanga kichwani, akapita katikati ya watu, akaenda zake bila kugeuka. Mgeni alikuwa analia. Alimwendea mzee kwa mikono miwili, akamkumbatia na moshi wake wa nyuki, akasema jambo refu kwa Kiingereza.

"Anasema anakusamehe," mkalimani akaeleza.

"Asante mama," alijibu baba.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Njia nzima ya kurudi mjini Madam Julieth alikuwa anachekelea. "Yule mzee ni dhahabu," alimwambia Marcelina kwa sauti ya chini. "Ushuhuda wa binti kila shirika linao. Wa baba nani anao? Nitampeleka Nzega, nitampeleka Igunga." Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshachapisha fulana ya rangi ya chungwa, mgongoni imeandikwa MZAZI ALIYEBADILIKA. Nyingi zilitoka, ingawa mzazi mwenyewe alikuwa mmoja.

Marcelina alipata kazi. Alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, pikipiki na meza iliyo karibu na dirisha. Wauza karanga walikuwa palepale chini, na siku ya kwanza alipita akiwa na haraka, hakuwasalimu. Dharau yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya wengine ilikuwa sasa inakosa pa kwenda, maana kila aliyemtafutia kasoro alimkuta hana baya la kumzidi yeye.

Jioni moja alijipa ujasiri, baba akiwa anachuja asali uani.

"Baba, kwa nini ulisema vile?"

"Si ulinitazama."

"Sikukwambia useme."

"Hukuniambia, ni kweli." Alikamua sega polepole kwa kiganja. "Ng'ombe wameshauzwa, mwanangu, hawarudi. Kama ningekukosesha na hiyo kazi, je, niliwauzia nini?"

Hakumlaumu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Uenyekiti wa jumuiya aliuacha mwenyewe kabla hajaombwa, akisema macho yamechoka kusoma. Goweko waliagiza kwamba asiende kwanza. Ipuli, watu waliokuwa wakimwamkia kwa kusimama sasa walimwamkia wakiwa wanatembea, na watoto waliokuwa wakija kuomba sega waliitwa na mama zao warudi. Habari za mkutano zilikuwa zimefika, na kwenye simu za watu ilikuwamo hata video yake. Hata waliojua kwamba ng'ombe wake waliishia chuoni walisema mtu hajisingizii aibu ya namna ile, lazima kuna jambo. Angetaka angewaeleza ukweli. Lakini ukweli huo ungefika Gongoni juu ya duka la vipuri, kwa hiyo akautunza. Marcelina naye angetaka angeusema. Yeye hakuwa na sababu hata nusu nzuri kama ya baba, na alinyamaza vilevile.

Baba alikuwa akisubiri kitu kimoja. Hakukitaja, ila Marcelina alimwona kila jioni anavuta kigoda karibu na mlango wa ua na kutazama njia ya Gongoni. Alikuwa anamsubiri Majidi. Majidi angekuja na kudai fungu lake la mahari, angefungua zizi tupu na kuanza kuwahesabu ng'ombe wasiokuwepo, angesema Mnyamwezi kwa kuuza hajambo ila hata kuuza mtoto kapunjwa. Watu wa mtaani wangesikia wakacheka, na jambo likishachekwa na mtani huwa limekwisha, limezikwa. Aliyecheka kaburini mwa mkewe angecheka na hapa.

Majidi akaja Jumamosi asubuhi. Alisimama nje ya ua akapiga hodi, mtu ambaye hajapata kupiga hodi katika nyumba ile.

"Karibu," baba alisema, na uso wake ukachangamka. "We Mzaramo, leo umekuja kula nini?"

"Habari za hapa, Mzee Eustace," alisema Majidi.

Marcelina alikuwa anafunga kamba za viatu kibarazani. Mikono ilisimama. Maisha yake yote hakuwahi kumsikia Majidi akimwita baba yake mzee.

"Nzuri," alisema baba. Akangoja, kisha akamsukumia sufuria la uji. "Uji huo. Mimina, najua huwezi kupita chakula cha Mnyamwezi."

"Asante, nimeshakunywa nyumbani. Nimepita tu kukujulia hali." Alikaa kwenye ncha ya benchi, magoti pamoja, kama aliyekuja kutoa pole kwa watu asiowafahamu. Aliomba maji. Marcelina alimletea, naye akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha kikombe na kushukuru. Waliongea kuhusu mvua. Baba akajaribu tena, akasema ng'ombe wake wa mahari wanakonda kwa kukosa mchungaji, labda Majidi alete vijana wake wa pwani wawachunge. Sauti yake ilikuwa nyepesi, lakini macho yalikuwa yanaomba.

Majidi alitazama chini. "Mungu atasaidia, mzee wangu," alisema. Akainuka, akaaga, akatoka. Mlango wa ua aliufunga taratibu nyuma yake.

Baba alibaki ameketi. Uji ulikuwa unaganda kwenye sufuria.

"Hata Majidi," alisema.

Marcelina alitaka kumfuata mtu yule njiani, amshike kanzu, amwambie kila kitu pale pale mbele ya wapita njia. Alifika hadi mlangoni. Huko nje gari la shirika lilikuwa linapinda kona, linakuja kuwachukua kwenda Nzega, na Madam Julieth alikuwa ameshateremsha kioo anapunga mkono. Marcelina akashika komeo la mlango, akasimama hapo.

Gari likapiga honi. Nyuma yake alimsikia baba akiinuka kwenye kigoda, akiingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshaivaa fulana.

"Twende, mwanangu," alisema, "utachelewa kazini."